Mwembe Tayari na chupa tatu za maji

Duka langu la spea za magari liko Mwembe Tayari, Mombasa. Wazee wa mji husimulia kuwa jina hilo lilitokana na mwembe uliokuwapo hapa zamani, ambao misafara ya kwenda bara ilikusanyika chini yake. Hapo mizigo ilifungwa, vibuyu vikajazwa maji, wapagazi wakahesabiwa, na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, hakuanza safari mpaka kila mtu awe tayari. Nimelifungua duka hili kila asubuhi kwa miaka 14 na sikuwahi kulifikiria jina hilo. Februari mwaka jana niliondoka hapo hapo, nikaingia nyika ya Kasigau na watu wawili na chupa tatu za maji, kila moja nusu lita.

Sikutaka kuyaandika haya. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyenisukuma. Wenzake wa chuo wamepanga kwenda kuupanda mlima Kasigau wakati wa likizo, na alipoiona orodha yao ya vitu akanijia dukani akiwa hana raha. Kulikuwa na spika, nyama ya kuchoma, mkaa, turubai. Maji hayakuandikwa. Akaniambia, "Mjomba, andika. Wakisikia kwangu watacheka, wakisoma kwako huenda wakafikiri." Basi naandika.

Tulikuwa tunakwenda Rukanga, kijiji kilicho chini ya Kasigau. Kijana aliyewahi kufanya kazi dukani kwangu ni mwenyeji wa huko, na siku hiyo walikuwa wanapokea wageni wa mahari ya dada yake. Alinialika kwa heshima nami nikaona nisimwangushe. Tulikuwa watatu: mimi, mpwa wangu ambaye wakati huo alikuwa na miaka 19, na rafiki yangu mmoja fundi wa magari. Kanzu zetu zilikuwa zimepigwa pasi na kutundikwa nyuma ya gari. Miguuni tulivaa makubadhi.

Tulipaswa kutoka alfajiri. Tulitoka saa tatu, kwa sababu nilimsubiri mteja wa klachi. Saa tatu za kaskazi, msimu wetu wa joto, jua limeshapanda, na kila jambo baya lililofuata siku ile lilianzia kwenye hizo saa nilizompa mteja.

Ukitoka Mombasa kwenda Voi, majina ya njiani yanakuonya mwenyewe ukiyasikiliza. Unapita Mazeras, unapita Mariakani, halafu unafika Maji ya Chumvi. Walioipa mahali pale jina walikuwa wakiwaambia wenzao wanaokuja nyuma: hapa maji yapo, lakini hayanyweki. Mbele kuna Samburu, kisha Taru. Watu wa misafara waliiogopa Taru kuliko sehemu yoyote ya njia hii. Tegemeo lao lilikuwa ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayoshika maji ya mvua, na mvua ikikosa ngurunga huwa kavu. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai aliyeuona mlima Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, alikuwa na kiongozi wa njia, Bwana Kheri, mtu aliyeijua nyika hii. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Taru, maji ya wafanyakazi yalilazimika kuletwa kwa treni. Hao walikuwa na injini ya moshi na serikali nyuma yao, na bado maji ndiyo yaliyokuwa shughuli.

Sisi tumeisahau nyika kwa sababu tunaipita haraka. Tangu treni mpya ianze mwaka 2017, unakaa kwenye kiti, kiyoyozi kinakupuliza, ndovu wekundu wa Tsavo wanapita dirishani, watoto wanapiga kelele za furaha, na kabla chai haijapoa umeshaivuka Taru. Hata kwa gari, lami ni nzuri. Tulisimama Mackinnon Road kwenye msikiti wa Sayyid Baghali Shah kama wasafiri wengi, tukasoma fatiha. Muuza maji alitugongea dirisha nikamwambia tunayo. Naikumbuka sauti yangu nikimwambia hivyo.

Maungu tulifika karibu saa sita. Hapo unaiacha lami unashika kushoto, barabara ya udongo mwekundu, na Kasigau unauona mbele umesimama peke yake juu ya tambarare. Urefu wake ni mita 1,641, na kwa kuwa hauna jirani unaonekana mkubwa na wa karibu. Mpwa wangu akatoa simu akaanza kupiga video, na akaendelea hivyo mpaka chaji ikaisha.

Gurudumu la nyuma lilichanwa na jiwe. Tukatoa jeki, tukavua, tukafunga spea, dakika 20 hivi. Tulikwenda tena kilomita chache, gari likaanza kuvuta upande. Spea ilikuwa inashuka upepo. Mpira wake ulikuwa mzee, umekaa chini ya buti miaka na jua la Mombasa limeukausha ukapasuka ubavuni, nyufa ndogo ndogo. Mimi nauza mipira ya magari. Wateja wangu nawakagulia kila siku. Wa kwangu sikuwa nimeugusa tangu nilinunue gari.

Simu ya fundi haikupata netiweki. Yangu ilipata alama moja, ikapotea.

Sasa nataka nieleze vizuri uamuzi tulioufanya, kwa maana kila mtu ninayemsimulia husema yeye asingefanya hivyo. Lilikuwa jua la saa saba. Ndani ya gari hapakaliki, ni tanuri. Barabara haikupita mtu. Na mlima ule pale mbele, unaona hata miti kwenye mbavu zake. Sisi watu wa pwani macho yetu yamezoea hewa nzito ya mvuke wa bahari: kitu kikionekana wazi basi kiko karibu. Kule hewa ni kavu, kitu kilicho mbali sana unakiona kama unaweza kukirushia jiwe. Fundi akasema ni nusu saa. Mimi nikasema labda dakika 40. Barabara ilikuwa inazunguka, tukaona tukikata moja kwa moja tutafika mapema. Tukachukua chupa mbili za maji zilizobaki, kwa kuwa moja tulikwisha kuinywa Buchuma, na chupa ya soda. Tukaliacha gari.

Pale barabarani tulikuwa na kivuli cha gari tukikaa upande wake, tulikuwa na kitu kikubwa cheupe kinachoonekana kutoka mbali, na tulikuwa kwenye njia ambayo magari hupita, hata kama kwa nadra. Tuliviacha vyote vitatu kwa sababu kukaa kulitushinda.

Kwa mbali vichaka vya Kasigau vinaonekana kama nyasi. Ukiingia ndani ni miti ya miiba inayokupita kimo kidogo tu, lakini inatosha kuuficha mlima. Dakika 15 tukawa hatuuoni. Tukaenda kwa kukisia. Jua la utosini halikuelezi mashariki wala magharibi, kivuli chako umekikanyaga. Kila ukikwepa kichaka kimoja unageuka kidogo, na ukishakwepa mia hujui tena ulikuwa umeelekea wapi. Mwiba uliingia kwenye kubadhi la fundi ukatokea juu. Akauchomoa, tukaendelea, yeye akichechemea.

Kitu ambacho sikukijua, na natamani kila mtu wa Mombasa akijue, ni habari ya jasho. Hapa kwetu ukitoka jasho shati linalowa, linakuganda mgongoni, unajua kuwa maji yanakutoka na unatafuta dafu. Nyikani jasho linakauka linapotoka. Ngozi iko kavu, unajiona mzima, kumbe mtu anayetembea kwenye jua kali anaweza kupoteza lita moja kwa saa bila kuiona. Sisi tulikuwa na lita moja kwa watu watatu. Niliigawa kwa vifuniko nikijiona mwerevu. Alama pekee niliyoiona ni chumvi nyeupe kwenye nyusi za mpwa wangu.

Baada ya kama saa mbili akasema kichwa kinamgonga. Halafu akatapika ile soda. Halafu akaanza kuniuliza kama duka nimelifunga. Nikamjibu nimelifunga. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, na macho yake hayakuwa yananitazama mimi. Nilimlea huyu mtoto tangu babake alipofariki. Nilimshika mkono, ulikuwa moto kama sufuria.

Wakati huo ndipo tulipowaona ndovu. Niliona kwanza vichuguu vitano vyekundu, kama hatua 40 mbele yetu. Vichuguu viko vingi kule, rangi ni ile ile ya udongo, na nilikuwa nafikiri tukakae kwenye kivuli cha kimojawapo. Kimoja kikatikisa sikio. Upepo wa kaskazi ulikuwa mgongoni mwetu, kwa hiyo ulikuwa unawapelekea harufu yetu moja kwa moja. Mkubwa wao akainua mkonga juu, akaukunja kuelekea kwetu. Walikuwa na mtoto katikati. Fundi alitaka kukimbia nikamshika shati, nadhani kwa woga tu na si kwa busara. Tukarudi nyuma polepole, kisha tukakata upande upepo usitupeleke kwao. Hawakutufuata. Lakini tulipoacha kutetemeka hatukuwa na habari tena ya upande tuliokuwa tukienda, wala tuliotoka.

Tukamlaza kijana chini ya mti. Mti wenyewe Februari hauna majani, kivuli chake ni kama wavu wa samaki. Nikavua shati nikalitundika juu yake. Nikamfunika macho. Nikafikiria usiku, na hata wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 nikawafikiria, ingawa siku zote nilihesabu kisa chao kuwa cha watalii tu. Kule jua halina machweo marefu, likigusa miti ni kama mtu kazima taa. Na tena hakuna hata mtu mmoja aliyejua tuko wapi. Mke wangu alijua nimekwenda Taita. Wenyeji wetu walijua tunakuja, lakini kwa kuwa tulichelewa walidhani tumeahirisha. Sikuwa nimempigia mtu simu kutoka Maungu kumwambia: sasa tunashika barabara hii, tusipofika saa nane tutafuteni.

Tulisikia kengele ya ng'ombe. Fundi akapiga ukelele, sauti haikutoka, koo limekauka. Akachukua chupa tupu akaigonga kwenye jiwe, akagonga, akagonga. Mzee mmoja akatokeza kati ya miiba, ana fimbo na baiskeli aliyoifunga mtungi wa lita 20 kwa kamba ya mpira. Alikuwa anamtafuta ng'ombe wake aliyepotea tangu jana yake, na kwa shughuli hiyo ya nusu siku alikuwa amebeba maji mara 20 kuliko sisi.

Hakutuuliza kitu. Alimwangalia kijana kwanza. Akalowesha kitambaa akamweka shingoni na makwapani, akanikabidhi kofia yake nimpepee. Mimi aliniwekea maji kwenye kikombe cha bati, nusu, na nilipotaka kuyameza yote akakizuia kikombe kwa mkono. "Kidogo kidogo, baba. Utayatapika." Baadaye sana, tulipokuwa tumekaa, ndipo akauliza gari liko wapi. Nikamwonyesha upande. Akatikisa kichwa, lilikuwa upande mwingine. Akasema, "Mngekaa na gari. Mtu akipotea, sisi hufuata barabara kwanza. Gari hatulikosi. Mtu chini ya mti twamkosa."

Mlima tuliodhani ni nusu saa, alisema kwa miguu yake yeye, mwenyeji, ni safari ya kuanza alfajiri ufike kabla ya jua kuwa kali.

Tulitoka naye hadi njia ya miguu, mpwa wangu akiwa amekalishwa kwenye baiskeli na sisi tumemshikilia huku na huku. Njiani fundi alitaka kukaa kwenye gogo, mzee akamvuta shati kwa nguvu. Pembeni ya gogo alikuwa amelala kifutu, mnene, rangi ya majani makavu. Nyoka huyu hakimbii akisikia hatua, hutulia palepale akitegemea rangi yake, na ndiyo maana watu humkanyaga. Nami nilikuwa na imani yangu ya tangu utotoni kwamba aliyeumwa na nyoka achanjwe kwa wembe, afungwe kamba, anyonywe sumu. Muuguzi wa zahanati tuliyofika usiku ule alinisahihisha: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mtulize mtu, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, vua pete na saa kabla hapajavimba, umkimbize hospitali. Na usipoteze muda kumsaka nyoka.

Muuguzi huyo na mwenzake walimhudumia mpwa wangu mpaka usiku wa manane. Maji ya mshipani, vitambaa vya maji, mtu wa kumpepea hakuondoka kitandani. Alipofungua macho sawasawa aliniuliza, "Mjomba, duka umelifunga?" nikalia mbele za watu. Kumbe safari hii alikuwa anaulizia kwa akili zake, alitaka kujua siku imekwenda kiasi gani.

Nimekuwa nikiwaza kwa nini sisi, watu wa bandari, tulifanya vile. Bahari hatuichezei. Hakuna mvuvi wa Mtongwe au Likoni atakayeingia majini bila kujua kama ni bamvua, siku za maji makubwa, au maji mafu, bila kujua maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi. Hata watoto wanaookota chaza kwenye mikoko ya Tudor wanajua kuwa siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hurudi kwa nguvu, na kwamba wakizubaa mfereji nyuma yao utajaa kabla ya ule wa mbele. Tuliyajua haya kwa kuonywa na kuchapwa. Bahari tumefundishwa. Nyika tumeitazama dirishani. Wazee wanasema usilolijua ni kama usiku wa kiza, na mimi niliingia kizani saa saba mchana.

Hata Shimba Hills, ambako ni karibu na vijana huenda na kurudi siku moja, nimeona watu wanataka kuteremka maporomoko ya Sheldrick peke yao ili wasimsubiri askari wa wanyamapori. Yule askari hajawekwa pale kwa ajili ya picha. Msitu ule una ndovu, na njia ya kuteremka ni raha lakini ya kupanda, kwenye joto, ndiyo inayowaumbua wasiobeba maji. Msubirini.

Siku hizi gari langu halivuki daraja la Makupa kwenda bara bila mtungi wa lita 20 ambao haushikwi mpaka dharura. Maji ya njiani ni mengine. Nina pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, zile za watoto wanaoharisha, zinauzwa kila duka la dawa. Viatu vya kufunika mguu. Tochi. Filimbi ya refa, kwa sababu koo likikauka halitoi sauti lakini pumzi bado ipo. Mpira wa spea mzima na pampu ya mkono. Maji ya rejeta simwambii mtu ayategemee, yale yakichanganywa dawa ya injini ni sumu. Na karatasi naiacha nyumbani: barabara gani, kufika saa ngapi, kijiji gani, nambari ya mwenyeji, na saa ya kuanza kututafuta. Mke wangu huibandika kwenye friji.

Yule mzee ng'ombe wake alimpata siku ya tatu. Nilimpelekea baiskeli mpya, akaipokea, lakini bado anaiendesha ile ya zamani, mpya kampa mjukuu.

Jumamosi wale vijana wa chuo walikuja dukani, mpwa wangu kawaleta. Wako wanane. Walisimama pale nje penye kelele za matatu, wengine wakitabasamu kwa adabu kama vijana wanavyomtabasamia mtu mzima anayetaka kuwaonya. Sikuwahutubia. Mpwa wangu alichukua kalamu yangu ya bei akapiga hesabu nyuma ya boksi la breki: watu wanane, siku mbili, lita ngapi za kunywa, ngapi za kupikia, ngapi za kuacha garini. Ilipotoka jumla mmoja akauliza kama ameandika sawa. Akamwambia hesabu tena mwenyewe.

Mimi nilimwomba dereva wao afungue buti la ile gari waliyoikodi. Spea ilikuwapo, imefunikwa zulia safi. Niliibonyeza kwa gumba. Ikaingia ndani.